Picha za nyaraka za kesi zinagoma kukaa kwenye rekodi zake: naomba mwongozo

Karani_Upanga

Habari za jioni wakuu. Nipo ofisi moja ya mawakili hapa Dar. Mteja wetu, mtu wa mizigo ya bandarini, ana kesi Marekani, mahakama ya shirikisho pale Houston. Mawakili wenza wa huko wanataka makaratasi yote ya mteja yaingie kwenye kanzidata yao ya kesi. Makaratasi yenyewe yamejaa maboksi faili: mikataba, barua, vocha za malipo zenye risiti za EFD (zile mashine za risiti za kodi) zilizobanwa kwa stepla. Kurasa ni kama elfu thelathini na kitu.

Kuskani tulimpa mtu wa nje. Kaleta diski yenye picha za TIFF, kila ukurasa faili lake, na faili mbili za kupakia: .DAT ya taarifa za nyaraka na .OPT ya picha. Nimejaribu boksi la kwanza kwenye mashine yangu, picha zinaingia, ila kila rekodi inaonyesha ukurasa wa kwanza tu. Mkataba wa kurasa tatu unaonekana ukurasa mmoja. Houston nao wanasema hawaoni picha hata moja, na tarehe zetu nyingi hazieleweki.

Mistari ya mwanzo ya .OPT ni hii:

MKT000001,BOKSI01,D:\SKANI\BOKSI01\MKT000001.TIF,Y,,,1
MKT000002,BOKSI01,D:\SKANI\BOKSI01\MKT000002.TIF,Y,,,1
MKT000003,BOKSI01,D:\SKANI\BOKSI01\MKT000003.TIF,Y,,,1

Aliyeskani anasema kazi yake iko sawa, tatizo ni mfumo. Bosi anataka jibu wiki hii. Msaada tafadhali.

Jembe_Butu

Siti ya mbele kabisa, nasubiri wataalamu. Ila kwa nini msitengeneze PDF moja kwa kila boksi mkawatumia? Mambo mengine tunajitakia.

Mlowezi_Maryland

Pole dada. Nafanya kazi hizi huku Marekani kwa miaka kadhaa sasa, na mistari yako mitatu inatosha kujibu. Mfumo hauna kosa.

Elewa kwanza picha inavyokutana na rekodi. Kanzidata haiangalii kilichomo kwenye picha. Inasoma .DAT na kutengeneza rekodi, kila moja na namba yake ya kuanzia na ya kuishia. Kisha inasoma .OPT, inachukua neno la kwanza la mstari, inatafuta rekodi yenye namba hiyo hiyo, na kuibandika picha hapo. Kinacholinganishwa ni hizo herufi na tarakimu peke yake. MKT00001 na MKT000001 kwake ni vitu viwili tofauti.

Sasa soma mstari wako kwa mkato baada ya mkato. Kwanza ufunguo wa picha, kisha jina la juzuu (fungu la picha linalotumwa pamoja), kisha njia ya kufikia faili. Halafu inakuja Y, maana yake "waraka mpya unaanzia hapa". Nafasi mbili zinazofuata ni za folda mpya na boksi jipya, wengi huziacha wazi. Mwisho ni idadi ya kurasa za waraka huo. Fundi wako kaweka Y na 1 kila mstari. Yaani kauambia mfumo kwamba kila ukurasa ni waraka unaojitegemea, na mfumo umemtii. Mkataba wako wa kurasa tatu unatakiwa uwe hivi:

MKT000001,VOL001,PICHA\001\MKT000001.TIF,Y,,,3
MKT000002,VOL001,PICHA\001\MKT000002.TIF,,,,
MKT000003,VOL001,PICHA\001\MKT000003.TIF,,,,
MKT000004,VOL001,PICHA\001\MKT000004.TIF,Y,,,1

Houston hawaoni kitu kwa sababu ya hiyo D:\ tu. Kwako diski inaitwa D, kwenye seva yao hakuna D yenye folda ya SKANI. Andika njia inayoanzia ndani ya juzuu, kama nilivyofanya hapo juu, wao watamalizia upande wao.

Tarehe: naweka dau kwamba mmeandika 03/04/2017 mkimaanisha tarehe 3 Aprili. Mmarekani anasoma Machi 4. Na 25/04/2017 inakataliwa kabisa maana hakuna mwezi wa 25. Iliyokataliwa ina nafuu kwa sababu inaonekana. Inayopita kimya kimya ndiyo itakayowaaibisha siku wakili atakapopanga barua kwa mfululizo wa matukio. Tumia 20170403, mwaka mwezi siku, hakuna wa kubishana nayo.

Karani_Upanga

Mungu akubariki kaka. Tarehe ni kama ulivyosema, tena orodha niliichapa mwenyewe kwenye Excel. Swali: hizo Y nazirudishaje mahali pake kwa kurasa zote hizi? Na .DAT nikiifungua naona alama kama þ kila mahali, nazifuta?

Mlowezi_Maryland

Usifute! Hizo þ ndizo kuta za kila uga, yaani kila kisanduku cha taarifa kama tarehe au namba. Mtindo huo ulitoka kwenye programu ya Concordance, na þ ilichaguliwa kwa sababu haitokei kwenye barua za kawaida, tofauti na mkato au alama za kunukuu. Kati ya uga na uga kuna herufi nyingine isiyoonekana, namba 20 kwenye jedwali la ASCII. Ukikuta ® ndani ya maandishi, hiyo inashika nafasi ya mstari mpya.

Ushauri wangu mkubwa: usifungue .DAT kwa Excel ukai-save. Inabadilisha tarehe bila kukuuliza, inakula sifuri za mbele kwenye namba tupu, na kuta zinaweza kuondoka. Tumia Notepad++. Ukiona Ã¾ mahali pa þ, maana yake faili la UTF-8 (mfumo wa sasa wa kuhifadhi herufi) linasomwa kama la mfumo wa zamani. Waulize Houston wanataka lipi, kisha lote liwe hilo.

Kuhusu Y: kama .DAT yako ina namba sahihi za kuanzia na kuishia, .OPT mpya inatengenezwa na kompyuta kwa dakika chache. Kila picha ambayo namba yake ni ya kuanzia waraka inapata Y na idadi, nyingine zinaachwa wazi. Kijana yeyote anayejua Python (lugha ya kuandikia programu) kidogo anaiandika. Swali ni je, hizo namba za kuanzia na kuishia nani aliziweka, na alikuwa anatazama nini?

Fundi_Skana

Hapo kwenye swali la mwisho ndipo penye kazi. Mimi ni wa mashine, niko Arusha. Mteja akituletea boksi bila karatasi za kutenganisha, sisi tunalisha mashine mpaka boksi liishe. Hatujui barua inaishia wapi. Mnatakiwa mkae na makaratasi kabla, kila mwanzo wa waraka muweke karatasi ya rangi au ya msimbo pau. Msilaumu mtu wa skana kwa jambo ambalo hamkumwambia.

Halafu, umesema risiti za EFD. Nenda sasa hivi kafungue picha za vocha. Kama zimeskaniwa nyeusi na nyeupe tupu, risiti zilizofifia zimetoka karatasi tupu, nakuhakikishia. Ile karatasi inaandikwa kwa joto, ikikaa boksini inapauka. Zinazosomeka kwa shida ziskaniwe kwa rangi. Na mhuri wa bluu uliopigwa juu ya sahihi, ukiskani nyeusi na nyeupe vyote vinakuwa doa moja.

Karani_Upanga

Nimetoka kuangalia. Risiti nyingi ni weupe mtupu, nyingine inaonekana nembo tu. Na vocha zenye maandishi ya kalamu nyuma zimeskaniwa upande mmoja. Nimechoka.

Mlowezi_Maryland

Fundi kanena vizuri. Nyaraka za kawaida nyeusi na nyeupe kwa nukta 300 kwa inchi zinatosha, TIFF ya mbano wa Group IV, ndiyo wanayozoea huku. Za rangi ziwe JPEG. Zote zinakaa juzuu moja, .OPT haijali mradi njia iishie na jina sahihi la faili.

Kurasa za nyuma zilizosahaulika msizipangie namba upya zote! Namba ikishatoka nje ya ofisi imetoka. Nyuma ya MKT000212 iiteni MKT000212.001, endeleeni na maisha.

Msomi_Kijana

Nichangie upande wa sheria kidogo. Jembe_Butu aliuliza kwa nini isiwe PDF ya boksi zima. Kanuni ya 34 ya mwenendo wa madai kwenye mahakama za shirikisho za Marekani inataka nyaraka zitolewe kama zinavyotunzwa katika shughuli za kawaida, au zipangwe na kuwekewa alama kulingana na maombi ya upande wa pili. Kwa hiyo wekeni uga wa boksi na wa mtu aliyekuwa anatunza faili, na mpangilio wa boksi usivurugwe.

Na msitupe karatasi. Siku picha hizo zikitakiwa mahakama za hapa, Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inaitaka mahakama itazame namna kumbukumbu ilivyotengenezwa, ilivyohifadhiwa na ilivyolindwa isiguswe. Anayeskani awe na daftari: boksi gani, tarehe gani, mashine gani, nani.

Jembe_Butu

Nimejifunza, nafuta kauli ya PDF.

Karani_Upanga

Mrejesho wakuu. Boksi la kwanza tumelipanga upya kwa karatasi za njano, vocha zimeskaniwa pande zote, risiti kwa rangi. Kijana wa IT kaandika hiyo programu ya kutengeneza .OPT. Houston wamejibu picha zote zinafunguka na mkataba una kurasa zake tatu. Wamelalamika jambo moja: wakitafuta neno kwenye barua za Kiswahili hawapati kitu.

Mlowezi_Maryland

Hao wamesomesha OCR (programu inayosoma maandishi yaliyo kwenye picha) kwa Kiingereza peke yake. OCR iitwayo Tesseract ni ya bure na ina Kiswahili, iite kwa swa+eng maana barua za ofisi za Bongo huchanganya. Toa faili moja la maandishi kwa kila waraka, lipe jina la ukurasa wake wa kwanza, MKT000001.txt, kisha njia yake iingie kwenye .DAT. Kabla ya kutuma, fungua barua chache usome kwa macho, hasa zilizopigwa kwa taipureta.

Karani_Upanga

Na risiti zilizobanwa kwenye vocha, ni waraka mmoja na vocha au mbalimbali?

Mlowezi_Maryland

Mbalimbali, ila ndugu. Vocha rekodi yake, kila risiti rekodi yake, halafu uga wa BEGATTACH na wa ENDATTACH ufanane kwenye rekodi zote hizo: BEGATTACH iwe namba ya mwanzo wa vocha, ENDATTACH namba ya mwisho wa risiti ya mwisho. Waulize Houston kwanza, wengine wanapenda vocha na risiti zake ziwe waraka mmoja. Wakishachagua, maboksi yote yafuate hivyo hivyo.