Nyie wa fiziotherapia, mliamuaje kitengo?

Kijana_Likoni: Asalaam aleikum. Namaliza mafunzo ya kazini mwezi ujao. Kila mtu aniambia niende majeraha ya michezo, eti pesa iko huko. Moyo haujatulia. Nyinyi mlichaguaje?

Bi_Kisauni: Waleikum salaam mwanangu. Hata mimi nilitaka michezo, nikijiona nakimbilia uwanjani na mkoba wa barafu. Wakanipanga wodi ya kiharusi, nikanuna. Kulikuwa na mzee wa Mji wa Kale, baharia, mkono wa kulia umelala kabisa. Kila siku namshikisha kikombe cha kahawa, vile vidogo visivyo na mkono, kitupu. Wiki ya sita kidole gumba kikabana. Akanitazama: "Haya, sasa tia kahawa." Basi nimebaki huko, mwaka wa 14 huu. Sikufichi, mgongo waniuma. Kumwinua mtu mzima kitandani si mchezo.

Fundi_Plasta: Mie watoto wa miguu kifundo, wale wazaliwao nyayo zimepinda kwa ndani, kwa njia ya Ponseti, ya kunyoosha mguu polepole kwa plasta. Plasta wabadilisha kila wiki, mara 5 au 6 hivi, na mguu wauona ukinyooka. Mie nina haraka, kiharusi singeweza! Shughuli ni kumshikilia mama asichoke kumvisha mtoto vile viatu vilivyoungwa kwa chuma usiku, mpaka afike miaka 4 au zaidi.

Kijana_Likoni: Shukrani sana. Bi Kisauni, kahawa aliinywa?

Bi_Kisauni: Nusu. Nyingine iliishia kwenye koti langu.