Wakuu naomba ushauri: goti VA walilikubali, mgongo nashindwa kuuunganisha

Mbeba_Begi: Wakuu habarini. Naenda moja kwa moja kwenye mada maana usingizi wenyewe siku hizi sipati. Mimi ni Mtanzania niko Marekani, nilikuja kwa bahati nasibu ya greencard, nikajiunga na jeshi lao, nikamaliza mkataba nikatoka na karatasi safi. Goti la kulia niliumia kazini na VA (idara ya Marekani inayohudumia waliotumikia jeshi) walishalikubali, wananilipa asilimia 20. Sasa miaka imepita natembea nikilikwepa lile goti na mgongo nao umeanza, asubuhi kiuno kinakaza mpaka mke wangu ndo ananivalisha soksi, dawa za maumivu zimeniachia tumbo linaloungua, na kichwani nako siko sawa, nikitoka kazini nakaa ndani ya gari muda mrefu sitaki hata kuingia kwangu. Nasikia kuna utaratibu wa kuunganisha ugonjwa wa pili na ule uliokubaliwa ili nao ulipwe. Swali langu ni moja tu, ile barua ya daktari ya kuunganisha inaandikwaje na bei yake ya kawaida ni ngapi? Msaada tutani.

Karafuu_Kavu: Nimewahi siti ya mbele. Mkuu ukilipwa usitusahau sisi tuliokuombea.

Mtoto_wa_Missenyi: Umenikumbusha mzee wangu. Alikuwa vita ya Kagera, akarudi 1979 na chuma kwenye paja la kushoto, madaktari wakasema kiache hapo hapo. Miaka yote akawa anaegemea kulia. Unajua kilichomlaza kitandani uzeeni si lile paja, ni nyonga ya kulia, iliisha kabisa kwa kubeba mwili wote peke yake. Sisi nyumbani tukawa tunasema ni uzee tu. Leo nasoma hapa kumbe kuna nchi hicho kitu kinaandikiwa fomu. Sina ushauri, nimeumia tu.

Nesi_wa_Dallas: Pole kaka. Mtoto wa Missenyi kaeleza vizuri kuliko sheria yenyewe. Sheria ni 38 CFR 3.310 (kanuni ya serikali kuu ya Marekani), inasema ulemavu wowote uliosababishwa na ule uliokwisha kukubaliwa nao unahesabiwa ni wa jeshini, na hata kama ugonjwa ulikuwepo ila ule wa kwanza umeuzidisha, ile sehemu iliyozidi inahesabiwa. Mambo matatu yanahitajika: daktari akupime aseme ugonjwa upo, uwe na ulemavu uliokubaliwa tayari (goti unalo), na maoni ya daktari kwamba uwezekano wa kimoja kuleta kingine ni nusu kwa nusu au zaidi, akieleza KWA NINI. Hiyo "kwa nini" ndo barua yenyewe, barua ya mistari miwili isiyo na sababu haina uzito. Dawa kama ibuprofen na naproxen kuharibu tumbo ni jambo linalojulikana, na maumivu ya muda mrefu kuleta sonona pia wanakubali. Sasa nikuulize, ule mgongo umeshawahi kuuombea? Kama ndiyo, barua ya majibu ilisema nini?

Mbeba_Begi: Asante dada. Ila mimi nimeuliza bei ya barua tu.

Mwana_wa_Mchungaji: Ndugu yangu mimi nitasema ukweli hata kama unauma. Ulikwenda kupigania taifa la watu kwa hiari yako, leo unataka wakulipe goti, mgongo, tumbo na mawazo. Tamaa haina mwisho. Shukuru ulirudi mzima, rudi nyumbani ulime.

Karafuu_Kavu: Alime na mgongo gani mchungaji?

Sajenti_Mstaafu: Mimi ni Mkenya, nilitumikia huko huko na nimepitia hizi karatasi zote. Bro jibu swali la nesi. Ukificha hilo hakuna mtu hapa anaweza kukusaidia. Walikukataa?

Mbeba_Begi: Haya. Ndiyo niliomba mgongo mwaka jana wakakataa. Sikutaka kusema kwa sababu watu mtaanza kuhukumu. Baada ya jeshi nilifanya kazi kwenye ghala moja la mizigo, nikaanguka nikiwa na boksi mkononi nikaumia mgongo, nikapelekwa emajensi. Daktari wa C&P (ule uchunguzi wa VA wa kupima madai) aliona hiyo rekodi akaandika mgongo umetokana na kazi ya kiraia, hauhusiani na jeshi. Ndo maana nimepata kampuni wanasema wana daktari wao, atasema mgongo ulianza kule kule kambini kwa kubeba mizigo mizito na hatutagusia ghala kabisa. Malipo yao ni mara tano ya nyongeza ya mwezi nikishinda, nimeshasaini na nimetanguliza hela kidogo. Wana uzoefu, mshikaji wangu mmoja walimtoa 40 akafika 90. Kwa hiyo hapo nimeshaamua, nilitaka tu kujua kama bei ni ya kawaida.

Nesi_wa_Dallas: Kaka subiri. Pale ghalani ulianguka kwa sababu gani? Sakafu ilikuwa na maji, uliteleza, au nini?

Mbeba_Begi: Goti lilikata. Huwa linakata tu lenyewe, nikishuka ngazi au nikigeuka haraka linaachia kama si la kwangu. Siku hiyo nilikuwa nageuka na boksi.

Sajenti_Mstaafu: Mungu wangu. Wewe bwana umekaa unaficha kitu ambacho ndo kesi yako yote. Goti la jeshini likikata ukaanguka ukavunja mgongo, huo mgongo ni mtoto wa goti, haijalishi ulianguka ghalani, sokoni au kanisani. VA walikukataa kwa sababu hakuna mtu aliyewaambia goti lilikata, waliona tu "aliumia kazini" wakafunga faili. Na hao jamaa wako wanataka kulifuta lile goti kwenye hadithi na kuweka uongo mahali pa ukweli unaokusaidia! Rekodi ya emajensi iko mikononi mwa VA tayari, wewe utapeleka karatasi inayosema hakuna ghala? Kusema uongo kwenye madai ya serikali kuu ni jinai, na utakayeshtakiwa ni wewe uliyesaini fomu.

Mbeba_Begi: Sio uongo, mizigo kambini nilibeba kweli. Na hawa watu wananijali, wananipigia simu kila wiki, VA hawajawahi kunipigia hata siku moja. Wameniomba tu nenosiri la akaunti yangu ya VA wanisaidie kupandisha nyaraka.

Nesi_wa_Dallas: Hapana hapana hapana. Badilisha nenosiri SASA HIVI kabla hujasoma sentensi inayofuata. Kisheria hakuna mtu anaruhusiwa kukutoza hela kuandaa madai ya kwanza. Baada ya VA kutoa uamuzi, wakili au wakala aliyesajiliwa na VA yenyewe anaweza kutoza, na asilimia 20 ya malimbikizo (zile hela za nyuma unazolipwa ukishinda) ndo inachukuliwa ni ya haki. Usajili wao unaangaliwa kwenye tovuti ya VA kwa jina la mtu. Watafute hao wako uone kama wamo. DAV, VFW na American Legion, vyama vya wanajeshi wastaafu, vina wawakilishi wanaofanya kazi hii bure kabisa.

Pilipili_Kichaa: Nimesoma mpaka hapa naomba niseme, hii ni CHAI. Mtanzania jeshi la Marekani tangu lini wakati si raia? Na huyu huyu aliwahi kuleta uzi hapa anauliza bei ya bodaboda Mbagala. Leo ghafla ni komando. Mnapoteza bando.

Karafuu_Kavu: Duh. Mimi nilishaanza kumpangia bajeti.

Mwana_wa_Mchungaji: Nilijua tu. Roho ilikuwa inaniambia.

Mtoto_wa_Missenyi: Kwa hiyo nimemwaga machozi ya mzee wangu kwa mtu wa Mbagala?

Mbeba_Begi: Bodaboda ilikuwa ya mdogo wangu, mimi ndo nilikuwa namtumia hela. Sina haja ya kumthibitishia mtu.

Sajenti_Mstaafu: Pilipili usipotoshe. Mwenye greencard anaingia jeshini siku zote. Na 2009 walianzisha mpango unaitwa MAVNI kwa wageni wasio hata na greencard wenye lugha adimu, Kiswahili kilikuwemo kwenye orodha. Tuko wengi.

Pilipili_Kichaa: Sawa, kama ni kweli aseme namba ya kazi yake na alivyoumia. Ukweli hauhitaji gugo.

Mbeba_Begi: 91B, fundi magari. Fort Campbell, pale mpakani mwa Kentucky na Tennessee. Nilikuwa nyuma ya LMTV, lori la jeshi, nashusha vifaa, jenereta linanguruma, giza, ngazi mtu kaipeleka gari lingine. Nikaruka kama tulivyokuwa tunaruka siku zote, mguu wa kulia ukatua kwenye jiwe na goti likaenda ndani. Nilisikia mlio kabla ya maumivu. Kesho yake medic akanipa ibuprofen na kikaratasi cha kutokukimbia kwa muda, na nikakimbia kwa sababu sikutaka platuni ianze kuniona mvivu. Umeridhika?

Pilipili_Kichaa: Ibuprofen kwa kila kitu, hata shemeji yangu aliyeko huko anasemaga hivyo. Haya nimenyamaza. Pole.

Sajenti_Mstaafu: Turudi kwenye kazi. Barua ya kukataliwa ina tarehe gani? Una mwaka mmoja kutoka hiyo tarehe. Ukipeleka fomu 20-0995 na ushahidi mpya ndani ya huo mwaka, ukishinda wanakulipa kuanzia ulipoomba mara ya kwanza. Ukichelewa bado unaweza kuomba ila malimbikizo hayo yameondoka. Usiende na 20-0996, ile ya kuomba afisa mwingine apitie upya faili, hairuhusu ushahidi mpya na wewe shida yako ni ushahidi. Tafuta ripoti ya ajali ya ghala. Tafuta mtu aliyekuwa zamu na wewe, ajaze fomu 21-10210 aseme kwa maneno yake aliona goti linakata. Mkeo naye ajaze ya kwake kuhusu ngazi za nyumbani. Ukishakuwa na hizo ndo umpelekee daktari asome zote aandike maoni. Tumbo na sonona ni madai mapya, usivichanganye na huu mgongo.

Nesi_wa_Dallas: Na usikariri asilimia za mshikaji wako. VA hawajumlishi kama dukani, 50 na 30 kwao inakuwa 65 halafu wanaipandisha 70. Ukifika 30 tu wanaongeza na hela ya mke na watoto. Halafu kaka, la kukaa ndani ya gari, hilo usisubiri madai. Piga 988, simu ya msaada kwa waliozidiwa na mawazo, ubonyeze 1 ya wanajeshi wastaafu, usiku au mchana, kuna mtu anapokea.

Mbeba_Begi: Tarehe imebaki wiki chache. Nenosiri nimebadilisha. Hela niliyotanguliza je, ndo imeenda? Maana jamaa kapiga sasa hivi nikaona hata cha kumwambia sina.

Sajenti_Mstaafu: Usipokee. Mwandikie kwa imeili kwamba umesitisha na hawana ruhusa kutumia jina lako, uhifadhi kopi. Huo mkataba mpelekee mwakilishi wa DAV kesho asubuhi ausome. Hela tutaidai baadaye, tarehe haitusubiri.

Mbeba_Begi: Nimeongea na jamaa tuliyekuwa zamu moja. Anakumbuka. Kasema yeye ndo aliyeniondolea lile boksi lililokuwa juu yangu.

Sajenti_Mstaafu: Aandike hivyo hivyo alivyokuambia. Asipambe.

Kijana_wa_Nakuru: Samahani wakuu nimechelewa, mimi masikio yananivumia tangu nitoke jeshini na sasa yananipa kipandauso. Naanzia wapi?

Nesi_wa_Dallas: Fungua uzi wako mdogo wangu, na utuambie kila kitu kwenye posti ya kwanza.