Tupeane uzoefu: vikundi vya kupunguza mwili kwa simu ya video

Mama_Tabata: Wakuu, salaam. Jirani kaniuliza kama haya madarasa ya Zoom yanasaidia kweli, nikakumbuka kikundi chetu. Mwalimu yuko Arusha, sisi tumetawanyika Dar, Mwanza, mmoja yuko Muscat. Mwalimu hataki kulipia, kwa hiyo dakika 40 zikifika inakata, wote nje. Na inakata pale pale mtu anapoanza kulia kuhusu mumewe. Waliopita huko mlifanyaje?

mtoto_wa_Mbagala: Bando kwanza, kitambi baadaye.

Shangazi_Kirumba: Sisi tulipandishwa mizani mbele ya kamera. Mzee akapita nyuma, akachungulia: "Mbona mimi uliniambia sabini?" Tangu siku hiyo kamera nimezima.

Mla_Dona: Shangazi, kuzima kamera ndiko kunakoharibu. Kuna dada kwetu alikuwa "anakula matango tu". Siku moja kasahau maiki, tunasikia chapati inakaangwa na sauti yake, "niongezee rojo".

Dokta_Mtaa: Acheni ugali na wali, mtapungua bila mwalimu.

Mla_Dona: Babu zetu walikula ugali na walikuwa wembamba. Walilima, wewe unalima kiti. Gramu moja ya mafuta ni kalori 9, ya wanga 4. Pigia hesabu hayo maharage yako ya nazi.

Dokta_Mtaa: Mkuu, usibishane na sayansi.

Mla_Dona: Ipi, ile ya YouTube?

Bi_Mkubwa_Tanga: Nyie bishaneni, mimi niwaeleze yaliyotukuta. Mwalimu alitupa kufunga: ukila saa mbili usiku, hadi kesho saa sita mchana hakuna kitu, maji tu. Mwenzetu mmoja, mtu mzima, ana sukari, anameza glibenclamide, dawa ya kushusha sukari, kila asubuhi. Hakuna aliyemuuliza. Tuko kwenye mazoezi saa nne asubuhi hivi, jasho linamtoka, mwalimu anamsifu, "mama anachoma mafuta!" Mara akaanza kumwita mwalimu kwa jina la mwanawe. Midomo inatetemeka. Simu ikaanguka, tukabaki tunaangalia feni ya dari.

Jamani. Hakuna anayejua anakaa wapi. Tukipiga namba yake, inaita palepale mbele yetu. Tukapiga kelele wote, mwanamke wa Tanga akipiga yowe unajua. Ndipo dada wa kazi akaja kutoka uani, "nani anamwita bibi?" Tukamwambia koroga maji ya sukari nyingi, kama anameza mnyweshe kidogo kidogo. Alikuwa bado anameza. Akafumbua macho. Hospitali wakamlaza mpaka kesho yake, maana ile dawa inaendelea kushusha sukari kwa saa nyingi, unaweza kuamka ukaanguka tena.

Shangazi_Kirumba: Yesu na Maria.

Mama_Tabata: Nywele zimenisimama. Sisi pia hatujuani makwao!

mtoto_wa_Mbagala: Kila mtu aandike namba ya jirani kwenye grupu. Jirani asiyemdai.

Dokta_Mtaa: Ndio maana mwenye sukari hatakiwi kufunga. Mwisho.

Nesi_Mstaafu: Si wote, kaka. Wapo wanaofunga Ramadhani, ila wanaanzia kwa daktari, anawabadilishia dozi au dawa yenyewe. Mwalimu wa kikundi aulize dawa kabla ya kuuliza kilo. Na haraka ya nini? Mtu wa kilo 100 akishusha 5 tu na kuzishikilia, presha na sukari vinaanza kusikia.

Mla_Dona: Nesi kamaliza. Dokta, chukua daftari.

Mama_Tabata: Na dakika 40 zangu?

Shangazi_Kirumba: Hamieni video ya WhatsApp, haikati. Ila mkizidi 32 wengine wanabaki nje.

mtoto_wa_Mbagala: Bi Mkubwa, mwalimu alirudisha ada?

Bi_Mkubwa_Tanga: Alitutoa kwenye grupu.