Mjadala: Nani amempa mhubiri ruhusa ya kutangaza matangani kwamba marehemu hakuwa mteule?

Mpresbiteri wa Lanet, Nakuru

Wadau, salamu. Jumamosi nilikuwa Emuhaya kwa wakwe, kwenye mazishi. Marehemu alipenda pombe, na hilo hakuna aliyelificha, ila alikuwa na mkono wazi na watoto wengi wa kijiji kile wamesoma kwa karo yake. Mhubiri akashika maikrofoni, akafungua Warumi 9: "Nimempenda Yakobo, bali Esau nimemchukia." Akaeleza kuwa kuna waliochaguliwa na kuna waliopitwa, kisha, mjane akiwa amekaa palepale, akatuachia tumalizie wenyewe marehemu aliangukia upande gani.

Mimi naamini uteule. Waefeso 1:4 inasema Mungu alituchagua katika Kristo kabla ya kuwekwa misingi ya ulimwengu, na sijaona namna ya kuikwepa aya hiyo. Ninachokataa ni kulipigia jeneza hesabu. Ukiri wa Westminster, tamko la imani letu Wapresbiteri, ambao Kanisa la Scotland lililotuzaa liliupokea mwaka 1647, unafundisha uteule katika sura ya 3 bila kumung'unya maneno. Lakini aya ya mwisho ya sura hiyohiyo inaonya kwamba fumbo hili lishughulikiwe kwa busara na uangalifu wa pekee, ili anayeitii injili apate uhakika kuwa ameitwa na hivyo amechaguliwa. Faida yake ni ya yule anayeamini. Jirani yake aliyelala kwenye jeneza hakutajwa. Mnasemaje?

Bodaboda wa Kondele

Basi huyo Mungu wenu ni kama kamati ya basari. Fomu tunajaza, chifu anapiga muhuri, tunapanga foleni juani, kumbe majina yaliandikwa zamani. Sasa krusedi za nini? Spika zinatunyima usingizi bure.

Mwanafunzi wa Njoro

Ndugu wa Kondele, umenichekesha, lakini kamati ya basari inaudhi kwa sababu inamnyima mtu aliyestahili. Kwenye wokovu hakuna aliyestahili, hata mmoja. Huo ndio msingi wa Augustino, askofu wa kale, alipobishana miaka ya 400 na Pelagio, aliyedai mtu anaweza kutenda mema kwa nguvu zake mwenyewe, na Calvin, mwanamageuzi ambaye sisi Wapresbiteri tunafuata mafundisho yake, hakuanzisha neno jipya hapo. Na krusedi? Soma Matendo 18:10. Paulo yuko Korintho, ana hofu, Bwana anamwambia aendelee kunena, "kwa maana mimi nina watu wengi katika mji huu." Wengi wa watu hao walikuwa hawajaamini bado. Uteule ndio uliomfanya asifunge virago.

Mzee wa Lanet, kwa heshima, nakuona unaogopa aya. Mhubiri alisoma Biblia. Paulo mwenyewe alijua watu watalalamika, ndiyo maana akaandika, "wewe u nani umjibuye Mungu?" Tukianza kuchagua sura zinazofaa matangani, tutabaki na Zaburi 23 peke yake.

Katekista, Nyalenda

Kusoma Biblia si sawa na kusoma Biblia mpaka mwisho. Warumi 9 ni mlango wa kuingilia, na nyumba yenyewe inafika sura ya 11. Paulo analia juu ya Israeli, taifa lake, anauliza kama Mungu amewatupa, na anafika hapa: "Mungu amewafunga wote pamoja katika kuasi ili awarehemu wote." Mhubiri aliyekatia mbele ya mjane kwenye Esau alimkata Paulo ulimi.

Kwetu Wakatoliki jambo hili lilizungumzwa kitambo. Mtaguso wa Orange, mkutano wa maaskofu wa mwaka 529, ulikubali kwamba neema humtangulia mtu, tena ukalaani wazo la kwamba Mungu amewapangia wengine uovu. Mtaguso wa Trento, 1547, ukasema hakuna awezaye kujua kwa hakika ni nani waliochaguliwa na Mungu, isipokuwa amefunuliwa kwa namna ya pekee. Kama siwezi kujisemea mimi mwenyewe, nitamsemeaje maiti?

Ndugu wa Uamsho, Maseno

Mnaongea mitaguso. Mimi nauliza swali moja: aliokoka? Kama hakuokoka, mhubiri alisema kweli, ila alizungukazunguka.

Mama wa Kaimosi

Ndugu wa Maseno, ngoja nami niulize. Wamisionari wa Friends, yaani Quaker, walifika hapa Kaimosi mwaka 1902. Babu wa babu yangu alizikwa kabla ya hapo. Hakuna aliyemwuliza kama ameokoka, maana hakuna aliyemletea habari. Alikuwa mtu wa haki, mpaka leo watu wanaapa kwa jina lake. Mwanafunzi wa Njoro, huyo alipitwa? Mungu alikuwa na watu wengi Korintho, na huku Tiriki hakuwa na hata mmoja kwa karne kumi na tisa?

Robert Barclay, aliyeandika imani ya Quaker kwa mpangilio katika miaka ya 1670, aliyapinga vikali mafundisho kwamba Mungu amewaandalia wengi hukumu bila kuwapa nafasi. Alishikilia Yohana 1:9, Nuru halisi amtiaye nuru kila mtu. Kila mtu, jamani. Na 1 Timotheo 2:4 inasema Mungu hutaka watu wote waokolewe.

Mimi sisemi babu ameokoka. Nasema nyinyi hamna daftari.

Mwanafunzi wa Njoro

Mama, swali lako ni zito na sitalirukia. Ukiri wa Westminster, sura ya 10, unasema watoto wachanga walio wateule huokolewa na Kristo kwa Roho, na vilevile wateule wengine wasioweza kuitwa kwa mahubiri. Wapo wanaoona mlango hapo kwa watu kama babu yako. Wengine wanasema hapana, maana aya inayofuata imekaza sana juu ya wasioikiri imani ya Kikristo. Mimi naegemea kwa hao wa pili, kwa sababu ya Warumi 10:14: "Tena wamsikieje pasipo mhubiri?"

Mpresbiteri wa Lanet, Nakuru

Kijana, ahsante kwa kutoficha. Lakini nakurudisha kwa wale unaowapenda. Sinodi ya Dordrecht, mkutano wa wafuasi wa Calvin huko Uholanzi, 1618 hadi 1619, ndiyo iliyokaa kuwajibu wafuasi wa Arminius, aliyefundisha kwamba Mungu huwachagua wale aliojua tangu mwanzo kuwa wataamini, na hakuna atakayewaita watu wale walegevu. Katika sura yao ya kwanza, kifungu cha 17, wanafika kwenye kaburi la mtoto. Wanasema wazazi wamchao Mungu wasiwe na shaka juu ya uteule na wokovu wa watoto wao waliofariki wakiwa wachanga. Watu waliobishana miezi kadhaa juu ya nani amechaguliwa, kwenye kaburi wakatoa faraja. Tena walitegemea ahadi, hawakumpima marehemu.

Marehemu wetu hakuwa mtoto mchanga, najua. Ila saa yake ya mwisho hakuna aliyeiona. Mwizi msalabani alikuwa na saa ngapi?

Bodaboda wa Kondele

Hapo Mzee ameongea. Lakini kama saa ya mwisho inatosha, na mimi nitangoja yangu 😂

Ndugu wa Uamsho, Maseno

Unabeba abiria bila helmeti, halafu unapanga saa ya mwisho?

Katekista, Nyalenda

Mwanafunzi, siku moja utaitwa uhubiri matanga ya mtu ambaye kanisani hakuonekana. Utafungua wapi?

Mwanafunzi wa Njoro

Yohana 11, pale Yesu anapolia kwenye kaburi la Lazaro. Warumi 9 nitaifundisha Jumatano kwenye somo la Biblia, watu wakiwa na kalamu na muda wa kuniuliza. Katika hilo Mzee amenishinda. Ila nitaifundisha yote, na ile "vyombo vya ghadhabu" sitairuka.

Mama wa Kaimosi

Njoo uifundishie huku, mwanangu, chai ipo. Lakini uje na jibu la babu.