Mwani wenye sumu: seli ikishaliwa, sumu inamsaidia nani?

mwl_chamwino:
Wakuu habari zenu, mi nafundisha bayolojia huku Chamwino, bahari tunaiona kwenye ramani tu, sasa nimewaambia fomu siksi kwamba diatomu, wale mwani wadogo wa kuonekana kwa hadubini, zina sumu dhidi ya kopepodi, vijidudu vya majini jamii ya kamba, wanaozila, dogo mmoja akauliza, kopepodi ashatafuna na diatomu ishakufa, hiyo sumu ina faida gani tena? Nataka nimpe jibu la maana.

pwani_hadi_bara:
Dogo ana akili huyo. Sumu haikai tayari ndani ya seli mwalimu, mafuta yako kwake na vimeng'enya viko kwake, kopepodi akivunja lile ganda la silika ndo vinakutana na ndani ya sekunde chache aldehaidi, yaani kemikali zenyewe za sumu, zinatoka. Na mama mwenyewe hafi, anakula anataga kama kawaida, balaa liko kwenye mayai, mengi hayaanguliwi na hata yakianguliwa watoto wengine wanatoka na ulemavu. Miralto na wenzake Italia walichapisha hilo kwenye jarida la Nature 1999. Sasa diatomu kwa kawaida zinazaliana kwa kujigawa, majirani wa ile iliyoliwa wengi ni nakala yake kabisa, walaji wa kizazi kinachofuata wakipungua wanaopona ni hao.

binti_kondoa:
Hapo kwenye faida nenda taratibu mkuu. 2002 humohumo Nature Irigoien na wenzake waliangalia maeneo 12 ya bahari, hawakuona uanguaji ukishuka pale diatomu zilipojaa. Maabara kopepodi analishwa aina moja tu, baharini anachanganya, halafu sio kila diatomu inatoa hizo aldehaidi. Mi ningemfundishia Alexandrium, mwani mwingine, sio diatomu ila yenyewe sumu yake, saksitoksini, inayo tayari, na ikihisi kemikali za kopepodi kwenye maji inaongeza sumu hata kabla haijaguswa, hapo utetezi unaonekana wazi.

mwl_chamwino:
Aisee nimeelewa, asanteni sana. Na sisi tunaokula vitu vya baharini je?

binti_kondoa:
Kome ndo wa kuangalia, wanachuja mwani na sumu inajikusanya mwilini mwao wao wanadunda tu. Kanada 1987, kome wa Prince Edward Island walikuwa na sumu ya asidi ya domoiki kutoka kwa diatomu Pseudo-nitzschia, watu zaidi ya 100 waliugua, wapo waliofariki na wapo waliopoteza kumbukumbu. Na kuwachemsha hakusaidii, moto hauiondoi.