Komiki za ukombozi wa mwanamke: ni mwanamke yupi hasa aliyekombolewa?

Wakuu, habari za jioni. Mods, naomba uzi huu msiuunganishe na ule wa filamu za mashujaa, hii ni mada nyingine kabisa.

Nina hasira na sitaificha. Juzi kwenye kundi moja la wapenzi wa komiki mtu kaweka orodha ya "komiki zilizomkomboa mwanamke", karibu zote za Marekani. Nikauliza swali moja tu: mbona mwanamke mweusi humo ama hayupo, ama ni mungu wa mvua, ama kazi yake ni kupigana tu? Jibu nililopewa: "Dada, punguza jazba, zama zile ndivyo zilivyokuwa." Watu kibao wakamwekea dole. Basi nimekuja kujibu hapa, penye nafasi.

Naanza na Wonder Woman, yule shujaa wa kike wa komiki za Marekani, kwa sababu ndiye anayetajwa wa kwanza kila mahali. William Moulton Marston, mwanasaikolojia, alimtoa mwaka 1941 akitaka wasichana nao wawe na shujaa wao. Heshima yake. Lakini fungua zile kurasa za miaka ya vita uone Wajapani walivyochorwa, meno nje, ngozi ya manjano. Waafrika nao midomo imemeza uso mzima. Na shujaa wetu wa haki anapita katikati yao wala hashtuki. Julai 1972 mwanaharakati wa haki za wanawake Gloria Steinem na wenzake wakamweka kwenye jalada la jarida la Ms. kama sura ya harakati zao. Miezi michache baadaye, toleo namba 204, mwanzoni mwa 1973, ndipo akaletwa Nubia.

Mnajua Nubia alitokeaje? Malkia Hippolyta, mama yake Wonder Woman, alifinyanga watoto wawili, mmoja kwa udongo mweupe, mwingine kwa udongo mweusi. Yule mweupe, Diana, ndiye Wonder Woman mwenyewe, akabaki na mama yake, akakua kati ya wanawake wanaompenda na kumfundisha. Yule mweusi akaibwa na Mars, mungu wa vita, akalelewa kwenye kisiwa cha wanaume na kuandaliwa kuwa silaha dhidi ya dada yake mwenyewe. Mapacha hawa! Mama mmoja, mikono ile ile iliyofinyanga, na bado mmoja kapewa malezi, mwingine kapewa upanga. Hata jina hawakuhangaika kulitafuta. Nubia ni nchi ya kando ya Nile, huko Sudan na Misri. Ni sawa na pacha wake Diana wangemwita "Ulaya".

Baada ya matoleo machache akafifia. Hadithi ilipoanzishwa upya mwaka 1987, hakuwemo. Vitabu vyenye jina lake kwenye jalada vimekuja kutoka 2021. Piga hesabu, miaka 48.

Na kuna linaloniuma zaidi hapo. Toleo lililotangulia, namba 203, liliandikwa na Samuel R. Delany, mwandishi mweusi, na jalada likatangaza kwamba hilo ni toleo la ukombozi wa wanawake. Habari yenyewe ilihusu wanawake wa dukani wanaolipwa ujira kiduchu. Mishahara, jamani! Kitu ambacho mama ntilie wa Kariakoo angekielewa bila kuelezwa. Mpango wake wa kuendelea na visa vya namna hiyo ukaishia hapo hapo, wakarudi kwenye miungu na mapanga, na humo ndimo mwanamke mweusi "akapewa nafasi".

Sasa Storm, shujaa wa komiki za Marvel anayeamrisha mvua na upepo. Huyu ndiye anayenitoa machozi, maana hapa wametuchora sisi. Alitoka mwaka 1975, na kila orodha inamsifu kuwa shujaa mkubwa wa kwanza mwanamke mweusi. Mama yake eti ni binti mfalme kutoka Kenya anayeitwa N'Dare. Wa kabila gani? Anaongea lugha gani? Hakuna aliyeona haja ya kuuliza. Ukishaweka hiyo alama ya mkato katikati ya jina, Afrika imepatikana. Mara ya kwanza tunapomwona amevaa nusu uchi, wanakijiji wamepiga magoti wakimwomba mvua. Nywele nyeupe, macho ya buluu. Kisha anatua mzungu kutoka Marekani kumweleza kwamba yeye si mungu, aje wafanye kazi.

Miaka minne kabla ya hapo, 1971, Wangari Maathai alikuwa ameshapata udaktari wake wa falsafa Chuo Kikuu cha Nairobi, katika anatomia ya wanyama. Mwaka 1977 akaanzisha Green Belt Movement. Huyo ndiye mwanamke Mkenya wa "zama zile" mnazoniambia. Alikuwa maabara, baadaye akawa kwenye vitalu vya miche na akina mama wa vijijini. Mchoraji wa New York angeweza kumjua kwa kupiga simu moja tu.

Najua Storm baadaye alikuja kuwaongoza X-Men, kikosi chake cha mashujaa. Nampenda, matoleo yake ninayo kabatini. Ndiyo maana inauma. Miaka yote hiyo nimesoma nikimsubiri aumwe, achoke, agombane na shoga yake kwa jambo dogo, na kila mara ananyanyuliwa juu na upepo akiwa ametulia kama sanamu. Mwanamke mweusi kwao ni jabali. Jabali halihitaji kupendwa wala kubembelezwa.

Mtaniambia nitazame komiki zilizochorwa na wanawake wenyewe. Nimezitazama. Komiki ya Wimmen's Comix ilianzishwa na wanawake 10 San Francisco mwaka 1972, na walikuwa na haki kabisa ya kukasirika, maana wanaume wa fani ile walikuwa wakichora uchafu. Mmoja wao, Robert Crumb, na kile kikaragosi chake cha mwanamke wa Kiafrika, Angelfood McSpade, sitakieleza hapa. Trina Robbins, mmoja wa wale wanawake 10, alimkosoa Crumb hadharani, na kwa hilo namshukuru. Lakini soma matoleo yao utafute mwanamke mweusi anayesimulia mambo yake mwenyewe, kisha uje unieleze ulichopata.

Sasa tuje kwenye hilo neno lenu, "zama zile". Jackie Ormes, mwanamke mweusi, alianza kuchora Torchy Brown kwenye gazeti la Pittsburgh Courier mwaka 1937. Msichana wa Mississippi anapanda treni kwenda New York kutafuta maisha. Mwaka 1945 akamleta Patty-Jo, katoto kenye ulimi mkali kanakosema ubaguzi na siasa bila woga, na 1947 akauzwa mwanasesere wake, mtoto mweusi aliyependeza, aliyevaa vizuri, wakati wanasesere wengi weusi walikuwa vikaragosi vya mayaya. Torchy alipenda akaumizwa, akalia, akavaa akapendeza, akapambana na kiwanda kinachotia sumu mazingira. Hayo yote yalikwisha kuchorwa na kuchapwa kabla Nubia hajafinyangwa. Toka 1937 hadi 1973 ni miaka 36. Ilikuwa inawezekana, kuna aliyekuwa akiifanya kila wiki, nao hawakumtazama.

Marvel, wenye Storm wao, walifika 2016 ndipo wakawapa wanawake weusi kalamu ya kuongoza komiki, Roxane Gay na Yona Harvey. Komiki hiyo ikatoka matoleo 6, ikafungwa.

Sisemi msisome Wonder Woman. Nasema hiyo orodha yenu haina Ormes hata kwenye nafasi ya mwisho, wala haina Aya wa Marguerite Abouet, msichana wa Abidjan anayetaka kuwa daktari huku mashoga zake wakihangaika na wanaume na wazazi. Nubia mmemuweka namba 4.

Atakayekuja na "zama zile" aanze kwanza na 1937. Nipo, nasubiri.