Mchekeshaji akifa, vipindi vyake virudiwe bure?

Mtoa hoja: Wakuu, Kanumba alifariki Aprili 2012, Mzee Ojwang wa Vitimbi, kile kipindi cha vichekesho cha Kenya, akafuata Julai 2015, Mzee Majuto Agosti 2018. Msanii anayependwa akiondoka utaratibu ni uleule: kazi za zamani zinafukuliwa, watazamaji wanaongezeka, matangazo ya biashara yanapita katikati. Naona marudio ya msibani yalipiwe kama marudio mengine. Mnasemaje?

Mkata Picha: Sipingi malipo, ila msidhani kituo kina ghala lililopangika. Taarifa ya kifo ikifika saa 10 jioni, mhariri anatakiwa awe na dakika 3 za picha kwa habari ya saa 2 usiku. Anatafuta jina la marehemu kwenye kompyuta, halitoki kitu, maana faili limeandikwa "komedi 14" basi. Zilizobaki zimo kwenye kanda za video za zamani, Betacam au U-matic, na kanda ya saa 1 huchukua saa 1 nzima kuihamisha. Kwa unyevu wa Dar au Mombasa, gundi inayoshika unga wa sumaku inalainika. Ukiicheza inakwaruza, kichwa cha mashine kinajaa uchafu, picha inakatika. Kanda ya hivyo huokwa kwanza kwa joto la nyuzi 50 hivi, saa 8 au zaidi, ndipo inakiliwa mara moja kabla haijaanza kunata tena. Nani ataoka kanda usiku wa msiba? Ndiyo maana mnaona vipande vilevile vitatu wiki nzima. Mkiongeza na ankara, mtaonyeshwa picha ya mnato na muziki wa huzuni.

Wakili Koko: Ndugu yangu, uchakavu wa kanda haufuti deni la mtu. Tatizo liko kwenye mkataba. Hata mkataba wa kimataifa wa Roma wa 1961, unaolinda waigizaji, ibara ya 19, unasema mwigizaji akishakubali kurekodiwa kwenye filamu, ulinzi wake mwingi unaishia hapo. Mkataba mwingine wa kimataifa, wa Beijing wa 2012, ulioanza kufanya kazi Aprili 2020, umejaribu kuziba pengo hilo, lakini nao unaziachia nchi nafasi ya kumpa mtayarishaji haki. Kwa hiyo msanii aliyesaini "haki zote, muda wote" kwa malipo ya mkupuo hana cha kuwaachia wanawe. Mwakyembe akiwa waziri wa habari na sanaa Tanzania aliunda kamati ya kupitia mikataba ya wasanii, na mkataba wa Mzee Majuto ulikuwa humo.

Andikeni mapema: idadi ya marudio yaliyolipiwa, kiasi kwa kila rudio la ziada, mtandaoni kuhesabiwe peke yake, na haki ipite kwa warithi.

Mama Ushanga: Wakili umeruka penye moto. Kituo kikikubali kulipa, kimlipe nani? Mjane, mama mzazi, na mtoto wa nje aliyejitokeza matangani? Kwa Tanzania familia inatakiwa iwe na cheti cha kifo, muhtasari wa kikao cha ukoo, kisha ifungue shauri la mirathi, kwa kawaida Mahakama ya Mwanzo, hadi msimamizi apewe Fomu Na. IV, yaani hati ya kuteuliwa kwake. Hiyo haitoki ndani ya siku tatu za matanga.

Wakili Koko: Fedha iwekwe kando hadi fomu itoke, na orodha ya vipindi vilivyorushwa itunzwe: tarehe, saa, dakika. Bila orodha hiyo msimamizi atadai kwa kukisia, na kituo kitamjibu kwa kukisia.

Mkata Picha: Orodha ipo, matangazo ya biashara hayarushwi bila kumbukumbu. Kukubali kuitoa ndiko kugumu.

Mama Ushanga: Na ile bahasha ya rambirambi inayokabidhiwa mbele ya kamera, isihesabiwe kwenye malipo. Familia zinasainishwa karatasi siku hiyohiyo bila kuisoma.

Mtoa hoja: Hilo la karatasi liwekwe wazi. Mwenye nakala ya mkataba wa kawaida wa tamthilia afiche majina, auweke hapa tuupitie kifungu kwa kifungu.